Ua la Mpira na Jiwe la Bibi Yako

Mwanangu Raheli,

Umetoka na baba yako kwenda kuaga kwa shangazi, na ninavyomjua shangazi yako hatawaachia mpaka mle. Kwa hiyo nina alasiri nzima, nyumba imetulia, na meza ni yangu peke yangu.

Mambo ya safari yako ya chuoni sitayaandika. Baba yako ameshakueleza habari za basi na mahali pa kushuka. Shangazi atakueleza yale ambayo akina baba hawayasemi. Mke wa mchungaji alikushika mkono jana kwa muda mrefu, na naamini alimalizia yote yaliyobaki.

Ninakuandikia kwa sababu ya maneno uliyosema jana, tulipokufanyia sherehe ya kukuaga. Watu walipomaliza kula wakakaa uani, ulisimama ukashukuru vizuri, kwa adabu, mpaka baba yako akainamisha kichwa. Halafu ukasema, "Mama yangu alikaa na bibi miaka yote bila kumkosea hata mara moja. Nami naomba nipate moyo kama wake." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainuka nikaingia jikoni kana kwamba nimekumbuka sufuria motoni. Hapakuwa na sufuria.

Mwanangu, nilimkosea bibi yako. Nilimkosea sana, kwa kusudi, na juu ya hayo nikamdanganya. Sitaki uondoke na picha ya mama ambaye hakuwahi kuwapo. Acha nikueleze ilivyokuwa, na itabidi nianze na lile ua la mpira, maana bila hilo hutaelewa.

Kabla sijaolewa nilikuwa nafua nguo katika nyumba ya manesi pale Kiomboi. Uhuru ulikuwa bado mpya. Mmoja wa manesi wa kigeni, mwanamke mrefu tuliyemwita Sista Berta, alikuwa na ua la mpira sebuleni kwake. Lilikuwa na majani mapana, mazito, yanang'aa kama yaliyopakwa mafuta. Sijui kwa nini lilinishika moyo hivyo. Nilikuwa nikimaliza kufua napita pale kulitazama tu. Alipokwenda likizo akaniachia nilitunze, na mimi kwa furaha nikalinywesha maji asubuhi na jioni. Nimekulia katika nyumba ambayo maji yalibebwa kichwani kutoka mbali. Kukipa kitu maji mengi ndiyo heshima kubwa niliyoijua.

Baada ya siku chache majani yakaanza kugeuka manjano, likaanguka moja, likaanguka la pili. Nikaongeza maji.

Sista aliporudi alikuta fimbo yenye majani matatu. Nikamwambia, "Ni baridi, Sista. Usiku kulikuwa na baridi sana." Alichomeka kidole kwenye udongo, akakitoa kimejaa tope, akaninusisha. Udongo ulikuwa unanuka kama maji ya bwawa lililokufa.

"Limezama," akasema. "Baridi haina kosa."

Nilingoja anifukuze kazi. Badala yake alitandika gunia uani, akanikalisha chini, tukaling'oa lile ua pamoja. Alinionyesha mizizi iliyooza, laini na nyeusi, tukaikata. Akatoboa kopo kwa msumari matundu matano chini, akaweka kokoto, halafu udongo wa msituni uliochanganywa na mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoteza harufu. Akanifundisha kuchomeka kidole mpaka kifundo cha pili. Kikitoka kikavu, mwagilia. Kikitoka kimegandwa na udongo, acha, nenda ukafanye kazi nyingine. Akanionyesha pia namna ya kukata tawi chini kidogo ya kifundo, kuosha ule utomvu mweupe mpaka ukome kutoka, kisha kulichomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Utomvu ule usiuguse macho, unachoma.

Lile ua likapona. Alipoondoka nchini kurudi kwao, alinipa tawi lililokwisha kutoa mizizi, kwenye kopo la maziwa ya unga. Mpaka leo namshukuru mwanamke yule. Ila naona sasa kwamba nilijifunza habari za maji nikasahau lile jambo jingine alilonionyesha, kwamba nilipoharibu nilitafuta baridi ya kusingizia.

Niliolewa na kopo langu mkononi. Kwa baba yako, kule ng'ambo ya Kinyangiri, tulikaa kwenye tembe pamoja na bibi yako. Siku ya kwanza bibi alilizunguka lile ua akiwa ameweka mikono nyuma.

"Linaliwa?"

"Haliliwi, mama."

"Linatibu nini?"

"Halitibu kitu."

"Sasa kazi yake nini?"

"Linapendeza tu."

Akanitazama, akatazama kopo, akaingia ndani. Jioni nikamsikia anamwambia baba yako, "Umetuletea mtu wa kumwagilia majani."

Ndani ya tembe kulikuwa giza na ua likaangusha majani, nikalitoa mlangoni. Mlangoni mbuzi wakalitafuna, mbuzi mmoja akaharisha, na bibi yako akasema wazi kwamba nimeleta sumu nyumbani kwake. Nikalizungushia miiba. Likakua. Likatoka kwenye kopo likaingia kwenye ndoo iliyotoboka, likatoka kwenye ndoo likaingia kwenye debe. Kila lilipotoa jani jipya, likiwa limejisokota ndani ya ala yake nyekundu, nilikuwa najisikia kama mtu aliyepokea barua kutoka kwao. Katika nyumba ile kila kitu kilikuwa cha bibi au cha baba yako. Lile lilikuwa langu.

Cha bibi kilikuwa jiwe. Hukumbuki vizuri jiwe lile la kusagia, ulikuwa mdogo. Alipewa na mama yake alipoolewa, na mama yake alipewa na wa kwake. Katikati lilikuwa limechimbika kama bakuli kwa mikono ya wanawake wote hao. Alikuwa anapiga magoti hapo alfajiri na kusaga uwele huku anaimba polepole kwa Kinyiramba, nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia mahali pengine. Mimi hakuniruhusu kulitumia. Nilipiga magoti siku moja, akasimama nyuma yangu akasikiliza, akasema, "Inuka. Unasaga kwa hasira, unga utakuwa na mchanga." Alisema mbele ya majirani. Nikainuka. Nilikuwa na mimba yako, na maneno yale niliyabeba miaka mingi kuliko nilivyokubeba wewe.

Halafu ikaja ile amri ya serikali ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Baba yako alitangulia na ng'ombe, akaniachia nyumba niipange kwenye lori. Wewe unaikumbuka siku ile kama sherehe, kwa sababu ulikuwa hujawahi kupanda gari. Ulikaa juu ya magodoro na bibi yako, mmejifunika kitenge kimoja. Mdogo wako Samweli alikuwa mgongoni kwangu. Majirani wawili walikuwa wameshapakia jiwe la bibi, na mimi nilikuwa nimepakia debe langu, zito, limejaa udongo, ua limenipita kimo.

Dereva akazunguka lori akatazama magurudumu. Akaniambia kwa upole kabisa, kijana wa watu, "Mama, tumezidisha. Kuna familia nyingine mbele. Kati ya hilo jiwe na hilo debe, kimoja kishuke."

Nilisimama pale kidogo tu. Nikawaita wale majirani nikawaambia wateremshe jiwe.

Nimejaribu miaka mingi kujiambia kwamba nilichagua ua kwa sababu nililipenda. Hiyo ni nusu. Walipoliteremsha lile jiwe na kuliegemeza ukutani, nilisikia raha. Nilisikia kwamba sasa tuko sawa. Na lori lilipoanza kuondoka nikapanda nikamwambia bibi, "Mama, dereva amekataa jiwe. Amesema ni zito."

Bibi yako akaniangalia. Akasema, "Haya." Akavuta kitenge akakufunika vizuri miguu.

Kijijini tulipewa kiwanja karibu na barabara, tukaanza upya. Kulikuwa na mashine ya kusaga ya kijiji, tuliifurahia sana, lakini siku nyingi ilikosa dizeli. Siku hizo wanawake walirudi kwenye mawe yao. Bibi yako hakuwa na jiwe. Nilikuwa namwona anatoka na ungo wa uwele kichwani, anakwenda nyumba ya tatu kuomba jiwe la mwanamke ambaye ni sawa na mtoto wake. Anangoja zamu. Anarudi na unga, ananikabidhi nipike. Hakuwahi kusema neno. Na hakuimba tena.

Mwaka uliofuata, wakati wa kiangazi, Samweli akaugua surua, ikashuka kifuani. Tukapelekwa Kiomboi, nikakaa naye hospitali muda mrefu. Siku za kwanza sikuwaza kitu isipokuwa pumzi zake. Alipoanza kula ndipo nikakumbuka nyumbani, na nikakumbuka ua langu. Kisima cha kijiji kilikuwa kinakauka mwezi ule, watu walikuwa wanaamka kupanga foleni ya ndoo moja. Nikajua limekufa. Nikajiambia ni haki yangu, basi.

Tuliporudi wewe ulinikimbilia barabarani, nami nikawa natazama juu ya kichwa chako. Ua lilikuwa upande wa nyumba ambao sikuwa nimeliacha. Lilikuwa kwenye pipa lililokatwa nusu. Majani yamefutwa vumbi yote, na juu kabisa limechomoza jani jipya.

Bibi yako alikuwa amekaa kivulini anachambua mlenda.

"Nimelihamisha," akasema bila kuinua macho. "Pale jua la mchana lilikuwa linalichoma. Na mizizi ilikuwa inatokea kwenye matundu kama mtoto aliyevalishwa viatu vya mwaka juzi. Nikamwomba fundi pipa bovu. Nimetoboa chini, nimeweka kokoto kwanza. Ndivyo?"

"Ndivyo, mama. Maji umepata wapi?"

"Maji ya kunawa. Kila mtu aliyenawa, nilichukua. Nachomeka kidole kwanza, kama unavyofanya."

Miaka yote ile niliyodhani ananicheka, alikuwa anatazama mikono yangu.

Niliingia ndani nikamlaza Samweli, nikakaa kitandani. Nilimfikiria mwanamke mzee aliyekosa jiwe kwa ajili ya ua, akiomba watu maji ya kunawa ili ua hilo liishi. Sikulala vizuri siku zilizofuata. Wiki ile ile nikamwambia baba yako nakwenda kutafuta kuni, nikatoka asubuhi nikatembea mpaka mahameni kwetu, kule tulikohama.

Tembe lilikuwa limeanguka. Miti ya dari ilikwisha kuchukuliwa na watu, na mvua zilikuwa zimeyeyusha kuta zikawa vilima vya udongo. Nilikwenda moja kwa moja mahali walipoliegemeza lile jiwe. Halikuwapo. Nilichimba kwa jembe, nikachimba kwa mikono, nikalia, nikachimba tena. Nililopata ni lile jiwe dogo la juu, la kushika mkononi, ambalo siku ya kuhama hakuna aliyelikumbuka. Lilikuwa chini ya ukuta ulioanguka, na upande mmoja lilikuwa limelainika kama shavu la mtoto.

Nilirudi nalo kwenye kanga. Bibi alikuwa peke yake uani. Nikapiga magoti, nikaliweka mbele yake.

"Mama, dereva hakukataa jiwe. Alisema kimoja kishuke. Mimi ndiye niliyechagua."

Alilichukua akaligeuza. Akalipangusa kwa upindo wa nguo yake.

"Nilikuona," akasema.

"Lini?"

"Siku ile ile. Nilikuwa juu ya lori, Mama Raheli. Mtu aliye juu anaona. Na masikio yangu yalikuwa mazima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, mwanangu angekurudisha kwenu. Namjua. Mimi ningebaki na nani? Na watoto hawa ningewapikia nini, na jiwe lenyewe sina?" Akatikisa kichwa, na nikaona anataka kucheka na anataka kulia. "Na mimi nilikuinua pale mbele za watu. Nilijua nimekuumiza. Nikasema, acha, huenda tumelipana."

"Hatujalipana, mama. Umelitunza ua langu."

"Ua halikunifanya kitu," akasema.

Tulikaa pale mpaka jua likashuka. Nilimwambia nitamweleza baba yako mwenyewe, na nilimweleza. Hakusema nami kwa siku nne. Siku ya tano alikwenda mlimani na nyundo na patasi, akarudi na bamba la jiwe kwenye mkokoteni wa jirani, akalilaza nyuma ya nyumba, akamwambia mama yake, "Hili halijachimbika bado." Bibi akaniita. Akaniambia nipige magoti mimi kwanza. Nilisaga, naye akasimama nyuma yangu akisikiliza. Hakusema unga una mchanga. Ulikuwa nao, nilikula mwenyewe.

Kuanzia hapo lile ua likawa la wawili. Tuliketi pamoja kukata vipande, mimi nakata, yeye anaosha utomvu na kuvipanda kwenye makopo. Mkono wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Katika kumi vilivyopita kwangu vingine vilioza, vya kwake karibu vyote vilishika. Tulipeleka kimoja shuleni, kimoja kwa mchungaji, kimoja ofisi ya kijiji. Unakumbuka bibi alivyomwendea katibu wa kijiji kwa sababu alikuwa analimwagia ua chai iliyobaki? "Shikamoo" ya katibu hata haikumaliza kutoka mdomoni. "Marahaba, na hili ua lina jino gani mpaka ulipe sukari?"

Na kimoja akakipeleka zahanati. Hilo ndilo nataka ulijue kuliko yote. Wewe ulidhani alikutuma kila Jumamosi kwenda kufuta majani kwa sababu miguu yake ilikuwa inauma. Miguu yake ilikuwa mizima wakati ule. Ulikuwa umemaliza darasa la saba, hukuchaguliwa kuendelea, na ulikuwa unakaa nyuma ya nyumba huli. Bibi akaniambia, "Mtoto huyu ana mkono wa taratibu. Akae mahali ambapo mtu wa maana atauona." Kwa hiyo ukawa unakwenda na kitambaa chako chenye unyevu, unafuta jani moja moja, juu na chini, unachomeka kidole. Mganga wa zahanati akakuona. Siku moja akakuomba ushike mtoto kwenye mizani. Wiki iliyofuata akakuomba uandike uzito. Miaka miwili baadaye ndiye aliyeandika barua ya kukuombea nafasi ya uuguzi.

Bibi yako hakuiona barua hiyo. Alikufa mwaka juzi, na nilimwosha mimi mwenyewe, na nilimshukuru kwa sauti wakati namwosha, ingawa wanawake wenzangu walikuwa wananitazama. Nilimshukuru kwa kukaa kimya, na nikamshukuru kwa kuniambia kwamba aliona. Nilikuwa nahitaji vyote viwili na nisingejua kuviomba.

Kwa hiyo, Raheli, usiombe moyo kama wangu. Nakupa niliyoyapata kwa moyo huo, uyachukue bila kuyalipia upya. Mimi nilipoharibu mara zote mbili nilikuwa na mtu wa kumsingizia karibu: baridi, kisha dereva. Utafanya kazi na wagonjwa. Ipo siku utachoka, utakosea dawa au utamsahau mtu, na pembeni yako atakuwapo mtu ambaye lawama ingemkaa vizuri. Sitakuambia la kufanya siku hiyo. Nakuambia tu kwamba miaka niliyokaa na uongo wangu nilikuwa nakula chakula cha bibi yako bila kukisikia ladha, na jioni ile niliyosema, nilikula uji mtupu nikashiba.

Nina furaha unakwenda. Naisema kwa sababu kesho asubuhi huenda uso wangu ukaonekana tofauti. Nimepata mume aliyenuna siku nne tu. Nimepata mtoto aliyerudi kutoka surua. Nimepata mama mkwe aliyenisubiri. Nimepata wewe, uliyesimama mbele ya watu ukanisifu kwa jambo ambalo sikulifanya, na hata hilo nakushukuru, kwa sababu limenikalisha mezani.

Ukifika, niandikie. Zile barua za "hatujambo, masomo yanaendelea vizuri" mwandikie baba yako, anazipenda. Mimi niandikie siku ambayo mambo yameharibika, na uniandikie ulichokifanya wewe. Usiogope kwamba itapita mikononi mwa watu. Sitampa mtu anisomee, ingawa macho yangu sasa huchoka upesi. Nitafunga mlango, nitaisoma mwenyewe, neno kwa neno, hata ikichukua siku nzima.

Nasikia sauti ya baba yako barabarani, anacheka. Mmerudi.

Mama yako